Kusema "Ni Mtandao" Si Jibu

Liko neno moja ambalo siku hizi limekuwa ngao ya kila uzembe na kaburi la kila swali. Neno hilo ni "mtandao". Malipo yakichelewa kuonekana benki, ni mtandao. Fomu isipopokelewa ofisini, ni mtandao. Na mazungumzo ya simu yanapokatika katikati ya sentensi, aliyepiga na aliyepigiwa wote wawili hushusha pumzi na kusema ni mtandao, na shauri huishia hapo hapo. Hapana aulizaye ni sehemu ipi ya mtandao iliyoharibika, iliharibika saa ngapi, ni mali ya nani, wala ni nani aliyepaswa kuitengeneza.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika nyumba zinazotumia simu ya intaneti, yaani simu ya mezani ambayo sauti yake haipiti tena katika waya wa peke yake uendao kwenye kituo cha simu, bali husafiri pamoja na barua, picha na filamu katika njia moja ya intaneti iingiayo nyumbani. Ni kweli kwamba katika Tanzania na Kenya simu za namna hii bado ni chache mno zikilinganishwa na simu za mkononi. Lakini faiba inazidi kuingia mitaani, na kila nyumba inayofikiwa na faiba yaweza kuwekewa simu ya aina hiyo. Isitoshe, hata yule anayempigia mwanawe aliye ng'ambo kwa kutumia WhatsApp, huku simu yake imeunganishwa na intaneti ya nyumbani, sauti yake yapita katika njia ile ile na kupatwa na mengi ya masaibu yale yale.

Kwa mtumishi wa umma na mwalimu jambo hili si la anasa. Kazi nyingi siku hizi humfuata mtu nyumbani. Mkuu wa idara hupiga simu jioni kutaka maelezo ya taarifa itakayosomwa kesho. Mwalimu mkuu hupiga kutafuta mtu wa kushika darasa la mwenzake aliyeugua. Mzazi hupiga kumwulizia mtoto ambaye hajarudi. Simu inayokatika mara tatu katika mazungumzo ya namna hiyo ni kazi iliyokatika mara tatu, na pengine ni agizo lililosikiwa nusu na kutekelezwa kinyume.

Yafaa basi lisemwe wazi kwamba simu kukatika si kudura. Ni tokeo lenye sababu; sababu hiyo ina mahali pake, na mahali hapo pana mwenyewe. Kazi ya kwanza ni kupata mahali penyewe. Kazi ya pili ni kumdai mwenyewe aondoe kasoro. Anayeruka kazi ya kwanza hawezi kuifanya ya pili, kwa kuwa hatajua amdai nani.

ZAMANI MZIGO ULIKUWA WA KITUO

Ili kuelewa kilichobadilika, hapana budi kukumbuka simu ya zamani ilivyokuwa. Jozi ya nyaya za shaba ilitoka kwenye kituo cha simu mpaka ukutani mwa nyumba, na katika nyaya hizo hizo kituo kilipeleka umeme wake chenyewe, wa volti 48, kutoka katika betri zake. Ndiyo maana taa za mtaa mzima ziliweza kuzimika na simu ikaendelea kulia. Katika Afrika Mashariki huduma hiyo iliendeshwa na shirika la pamoja la posta na simu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Kwa Tanzania kazi ikapokewa na Shirika la Posta na Simu, na kuanzia mwaka 1994 upande wa simu ukawa wa TTCL.

Hapana anayedai kwamba huduma ya enzi hizo ilikuwa haina dosari. Wengi waliomba simu wakangoja kwa muda mrefu, na wapo waliongoja bila ya kuipata. Lakini lilikuwapo jambo moja lililo wazi: waya, kituo na umeme vilikuwa vya mtu mmoja. Simu ikifa, mteja alijua mlango wa kubisha.

Simu ya intaneti imevunja umoja huo. Sauti ya msemaji hupimwa mara 8,000 katika kila sekunde na kugeuzwa tarakimu. Tarakimu hizo hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kwa kawaida pakiti 50 kwa sekunde, na kila pakiti hutumwa peke yake kama barua yenye anwani. Kazi ya kuikata na kuiunga sauti hufanywa na adapta, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa simu. Kazi ya kuzipeleka pakiti nje na kuzipokea zinazorudi hufanywa na ruta, kisanduku kigawacho intaneti nyumbani. Pengine viwili hivyo hutiwa katika kasha moja. Vyote hula umeme wa nyumbani, na mara nyingi hukaa chini ya televisheni, vimefunikwa kitambaa cha kufuma ili visionekane vibaya.

Maana yake ni kwamba sehemu ya kituo cha simu imehamia sebuleni. Mwenye nyumba amekuwa mwendeshaji wa kituo bila ya kuambiwa, bila ya kufundishwa, na bila ya kulipwa. Hakuna ubaya katika kuhama huko kwenyewe. Simu ya intaneti yaweza kuwa nafuu na sauti yake ikawa safi kuliko ya shaba. Ubaya ni kuukabidhi mzigo kimyakimya, kisha mzigo ukianguka, kila mmoja amtazame mwenzake.

Uingereza imekwisha kuonja matokeo yake. Nchi hiyo iliamua kuzima simu zake za shaba na kuwahamishia wateja wote kwenye intaneti. Kazi iliyokuwa imalizike mwishoni mwa mwaka 2025 ikasogezwa hadi Januari 2027. Sababu mojawapo ya kusogezwa huko ni wazee na wagonjwa wanaovaa kengele ya kuitia msaada, kengele inayopiga simu yenyewe mvaaji anapoibonyeza. Yalitokea matukio mazito ya watu waliobonyeza kengele hizo baada ya simu zao kuhamishwa, na kengele zisifanye kazi. Mwezi Desemba 2023 makampuni makubwa ya simu yalitia saini hati ya ahadi pamoja na serikali, yakakubali kutomhamisha mteja kwa lazima mpaka yahakikishe kwamba amelindwa. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2018, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, Ofcom, alikuwa amekwisha kuyataka makampuni yahakikishe kwamba mteja anayeitegemea simu hiyo ana njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme unapokatika.

Funzo lake laeleweka hata huku. Mtu anayetaka kupiga 112 usiku hana haja ya kujua tofauti ya shaba na faiba. Ana haja ya simu iliayo upande wa pili na isiyokatika.

MUDA WA KUKATIKA NI USHAHIDI

Watu wengi, simu inapokatika, hutazama simu. Lililo bora ni kutazama saa. Katika kasoro za simu ya intaneti, muda ambao mazungumzo yamedumu kabla ya kukatika ni ushahidi mkubwa kuliko kelele yoyote ya mlalamikaji.

Kwanza, iko simu inayokatika kila mara ikifika nusu dakika hivi. Hiyo haikatiki kwa bahati mbaya. Simu nyingi za intaneti hufuata utaratibu wa maelewano uitwao SIP, ambao katika sura yake inayotumika ulichapishwa mwaka 2002. Kwa utaratibu huo, anayepigiwa akiinua simu, kifaa chake hutuma jibu, na kifaa cha mpigaji hakina budi kurudisha uthibitisho kwamba jibu limefika. Uthibitisho usipoonekana, kifaa hurudia jibu lake tena na tena kwa muda wa sekunde 32, kisha hukata tamaa na kuikata simu, hata kama wakati huo wote watu wawili walikuwa wakisikilizana vizuri. Kwa hiyo simu inayokufa kwenye sekunde ya 32 yaeleza yenyewe kwamba uthibitisho umepotea njiani, na mara nyingi ni kwa sababu anwani iliyoandikwa katika ujumbe si sahihi.

Anwani huharibiwaje? Hapa mshukiwa wa kwanza ni ruta ya nyumbani. Ndani ya ruta nyingi kimo kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichowekwa kwa nia njema ya kusahihisha anwani za simu zinapotoka nje. Katika ruta nyingi husahihisha vibaya, nacho huharibu barua iliyokuwa nzima. Dawa yake ni kukizima katika ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuiwasha ruta upya. Mshukiwa wa pili ni ruta mbili zilizofuatana: moja iliyoletwa na kampuni, nyingine iliyonunuliwa dukani na mwenye nyumba, kila moja ikibadilisha anwani kwa namna yake. Dawa yake ni kuiachia moja tu kazi hiyo, na nyingine ipitishe tu.

Pili, iko simu inayokatika karibu na dakika ya 15 au ya 30, leo, kesho na mtondo. Hiyo nayo ina utaratibu wake. Vifaa viwili vinavyozungumza huulizana kila baada ya muda kama mwenzake bado yupo. Muda unaopendekezwa katika kanuni zilizotolewa mwaka 2005 ni sekunde 1,800, yaani nusu saa, na swali huulizwa muda huo ukifika nusu. Swali lisipopita, kifaa huhesabu kwamba mwenzake amekwisha kuondoka. Mwenye simu ya namna hii asihangaike kubadilisha nyaya. Atafute kwa nini ujumbe wa katikati ya mazungumzo haupiti.

Tatu, iko simu inayopiga vizuri lakini haipigiki. Wenyeji hutoa simu bila taabu, ila wanaowapigia huambiwa hawapatikani, mpaka wenyeji wapige tena ndipo njia ifunguke kwa kitambo. Ruta huweka kumbukumbu ya kila njia iliyofunguliwa kutoka ndani, na njia isipotumika kwa muda huifuta. Kanuni za mwaka 2007 zataka kumbukumbu za aina hii zisifutwe kabla ya dakika mbili, lakini ziko ruta zinazofuta mapema kuliko hapo. Dawa ni kuiagiza adapta itume ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 20 au 30 ili mlango usifungwe. Wanaotumia ruta za laini ya simu ya mkononi wajue zaidi kwamba mara nyingi wateja wengi hugawana anwani moja ya nje katika mitambo ya kampuni; hapo kasoro yaweza kuwa nje kabisa ya uwezo wa mwenye nyumba, na ni kampuni ya kuulizwa.

Nne, iko simu isiyo na mpango: leo hukatika dakika ya pili, kesho ya arobaini. Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa, nayo mara nyingi sababu zake ni za mkononi, si za kitaalamu. Plagi ya umeme imelegea. Waya wa faiba umekunjwa sana nyuma ya kabati mpaka mwanga haupiti sawasawa. Ruta imefunikwa na kuchemka. Simu isiyo na waya imepelekwa mbali na kitako chake. Ama adapta inategemea Wi-Fi iliyo chumba cha tatu, ikipita kuta za matofali ya saruji, katika masafa ya gigahezi 2.4 ambayo hushirikiana na majirani wote na hata na oveni ya maikrowevu. Kikulacho ki nguoni mwako.

WINGI WA KASI SI DAWA

Hapa hapana budi kulikemea kosa moja linalowagharimu watu fedha. Mteja akilalamika kwamba simu inakatika, mara nyingi ushauri wa kwanza apewao ni kununua kasi kubwa zaidi. Ushauri huo huwa na faida kwa muuzaji kabla ya kuwa na faida kwa mnunuzi.

Sauti moja ya simu, kwa mtindo wa kawaida usiobana sauti, huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza bahasha za anwani haifiki kilobiti 100 kwa kila upande. Nyumba yenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde ina nafasi mara mia moja ya hiyo. Kinachohitajiwa na simu si upana wa barabara, bali mwendo ulio sawa. Pakiti ya filamu ikichelewa, filamu husubiri kidogo na mtazamaji asijue. Pakiti ya sauti ikichelewa haina maana tena, kwani neno lake limekwisha kupitwa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lapendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani mwa mmoja hadi sikioni mwa mwingine.

Adui mkubwa wa mwendo huo nyumbani ni foleni ya kutoka. Katika huduma nyingi njia ya kupeleka ni nyembamba kuliko ya kupokea. Kijana mmoja akianza kutuma video ndefu, au simu ya mkononi ikianza yenyewe kuhifadhi picha za harusi katika ghala za intaneti, njia ya kutoka hujaa. Ruta, badala ya kukataa mzigo, huupanga nyuma ya mlango, na pakiti za sauti hujikuta zimesimama nyuma ya malori. Sauti huanza kukatakata, kisha kimya, kisha simu hufa. Aliye upande wa pili ndiye asiyesikia, huku mwenyeji akisikia vizuri na kuamini kwamba tatizo ni la mwenzake.

Nyumba ya namna hiyo ikinunua kasi ya kupokea iliyo mara mbili, itapata filamu nzuri zaidi na simu mbovu ile ile. Kinachotakiwa ni kuiamuru ruta iipe sauti kipaumbele, au kuiwekea njia ya kutoka kikomo kilicho chini kidogo ya uwezo wake ili foleni isijengeke, au kwa uchache kuwaagiza watoto wapeleke video zao usiku watu wakiwa wamelala. Agizo hilo la mwisho halina gharama hata senti moja.

MALI BILA DAFTARI

Walimu na watumishi wa umma wana sifa moja inayofaa sana katika kazi hii. Wanajua kuweka daftari. Mwalimu hasemi kwamba mtoto huyu "huwa hayupo". Hufungua daftari la mahudhurio na kutaja siku. Karani hasemi kwamba barua "ilikuja zamani". Hutaja namba ya jalada na tarehe. Waswahili walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na simu nayo ni mali.

Basi nyumba yenye simu inayokatika na ianze na daftari la juma moja. Kila simu ikikatika, yaandikwe mambo haya: tarehe na saa, mazungumzo yalidumu dakika na sekunde ngapi, nani alipiga, alikuwa ndani ya nchi au nje, sauti ilikatika ghafla, au ilianza kwa kukwaruza, au mmoja aliacha kusikia kwanza, taa za ruta zilionyesha nini, na nyumbani wakati huo kulikuwa na shughuli gani. Juma likiisha, safu ya muda isomwe kutoka juu hadi chini. Kama zote ni sekunde 32, jibu limepatikana. Kama zote ni kati ya saa mbili na saa nne usiku, swali ni nani anayejaza njia wakati huo, ndani ya nyumba au mtaani. Kama zote ni za nje ya nchi na za ndani ni salama, nyumba haina kosa. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani zao ikazorota kwa siku kadhaa. Hapana ruta ya nyumbani ambayo ingeweza kuponya jeraha hilo kwa kuzimwa na kuwashwa.

Baada ya daftari ndipo majaribio, nayo yafanywe moja moja. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja, simu ikapona, hajui kilichomponya, na ikiugua tena ataanza upya. Kwanza adapta iunganishwe na ruta kwa waya badala ya Wi-Fi, na simu ya kawaida yenye waya ichomekwe moja kwa moja kwenye adapta. Simu ikitulia, kosa lilikuwa Wi-Fi au ile simu isiyo na waya. Isipotulia, kompyuta iunganishwe kwa waya na itumie amri ya ping, ambayo hutuma pakiti ndogo na kuhesabu zilizorudi. Pakiti zitumwe kwa ruta yenyewe kwa dakika kumi, kisha zitumwe nje kwa dakika kumi nyingine. Zikipotea zinazokwenda kwa ruta, ugonjwa umo nyumbani. Zikirudi zote za ruta na kupotea za nje wakati hakuna mtu mwingine anayeitumia intaneti, ugonjwa u nje ya ukuta, na mwenyewe ni kampuni.

Umeme nao usisahauliwe. Simu ya intaneti haina volti 48 za kituo. Taa zikipepesa kwa sekunde moja tu, ruta huanza upya na yaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya simu kurudi; mwenye nyumba akiiona balbu inawaka hudhani umeme haukuhusika. Betri ndogo ya akiba ya kuhudumia ruta, adapta na kile kisanduku cha faiba ni kinga ya bei nafuu, mradi vyote viwe juu yake. Betri inayohudumia ruta na kukiacha kisanduku cha faiba ukutani haisaidii kitu.

Ama ile desturi ya kuzima na kuwasha ruta kila asubuhi, hiyo isihesabiwe kuwa matengenezo. Kuizima mara moja ili kujaribu ni sawa. Kuizima kila siku ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kumrudisha shambani.

WAJIBU WA WATOA HUDUMA

Itakuwa si haki, hata hivyo, mzigo wote ukirundikwa kwa mwenye nyumba. Yeye amelipa ada ili apate simu, si ili apate shahada ya ufundi. Makampuni yanayouza simu ya intaneti yana wajibu ambao hayawezi kuukwepa kwa kumwambia mteja "zima halafu washa".

Wajibu wa kwanza ni kusema ukweli siku ya kuuza. Mteja aambiwe wazi kwamba umeme ukizimika simu yake itakufa isipokuwa ana betri, na aulizwe kama nyumbani mna mgonjwa au mzee anayeitegemea simu hiyo. Marekani, kwa kanuni za mwaka 2015, iliyalazimisha makampuni kumpa mteja nafasi ya kununua akiba ya umeme ya saa 8, na baadaye ya saa 24. Jambo lililowezekana huko haliwezi kushindikana kwingine kwa sababu ya uvivu wa kulieleza tu.

Wajibu wa pili ni kufunga vifaa vilivyokwisha kurekebishwa. Kampuni inayotoa simu na ruta kwa pamoja, kisha ikaiacha SIP ALG ikiharibu simu zake yenyewe, imemwuzia mteja kufuli pamoja na ufunguo usioingia. Kazi hiyo ni ya fundi, na ifanywe kabla ruta haijatoka ghalani.

Wajibu wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni kujibu kwa ushahidi. Ni vema kila mteja akajua jambo hili: simu ya intaneti haifi bila ya kuacha alama. Inapokatwa kwa utaratibu, upande mmoja hutuma ujumbe wa kuaga, na mitambo ya kampuni huweza kuonyesha ni upande upi uliotuma, kwa sekunde ipi. Isipokatwa kwa utaratibu, mitambo huonyesha kwamba sauti au majibu yaliacha kufika. Basi mteja aliye na daftari asiseme "simu yenu mbovu". Aulize: "Simu ya Jumanne tarehe fulani, saa moja na dakika kumi usiku, ilikatwa na upande gani?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa neno "mtandao". Laweza kujibiwa tu na mtu aliyefungua kumbukumbu akatazama. Na mhudumu ambaye hana idhini ya kuzifungua, ampeleke mteja kwa aliye nayo, badala ya kumzungusha.

Mteja asipopata jibu, vyombo vya udhibiti vipo. Tanzania ina Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kupokea malalamiko ya watumiaji ni sehemu ya kazi yake. Lakini lalamiko lisilo na tarehe, saa wala muda ni manung'uniko tu. Daftari la juma moja, lililoambatishwa na barua fupi, laweza kufanya kazi ambayo kelele za mwaka mzima hazikuifanya.

Faida ya mwenendo huu haitaishia kwenye simu. Jamii iliyozoea kuuliza "sehemu ipi, saa ngapi, ya nani" juu ya simu yake, itauliza hivyo hivyo juu ya dawa zilizokosekana zahanati, juu ya maji yasiyotoka bombani, na juu ya jalada lililopotea masijala. Na wale waliozoea kujificha nyuma ya neno moja watajikuta hawana tena pa kujificha. Mwalimu anaweza kuanza na wanafunzi wake, kwa kuwapa kazi ya kupima pakiti zinazopotea kati ya kompyuta ya shule na ruta yake. Mkuu wa ofisi anaweza kuanza kwa kukataa taarifa yoyote isemayo tu kwamba mtandao ulisumbua.

Simu ikikatika leo usiku, basi, kabla ya kulaumu, mtu na atazame saa, aandike. Kesho afanye hivyo tena. Kosa likionekana limo nyumbani mwake, alitengeneze bila ya kungoja mtu. Likionekana liko nje, alidai bila ya kuchoka.